Saa 24 ni za Nani?

Wahenga walisema, "Wengi wape," na walisema kweli. Katika baraza la kijiji, pale watu wanapogawana zamu za maji ya mfereji au kuchagua siku ya soko, hakuna njia bora kuliko kuwapa wengi walitakalo. Sisi tuliosimama kudai vyama vingi vya siasa tulikuwa tukidai jambo hilohilo, yaani sauti ya wengi isikizwe wala isizimwe na wachache walioshika serikali.

Lakini wapo ndugu zetu waliolivuta neno hilo likapita mpaka wake. Wao husema kwamba hata haki za mtu hutokana na wengi. Wananchi walio wengi wakiikubali haki, ipo, wakiikataa, haipo. Wengine, hasa wale waliozoea kupanda ngazi za mahakama, huwajibu kwa ukali kwamba sivyo: haki ni kile alichokitamka jaji, na kabla ya hukumu hakuna haki, pana madai tu. Mabishano haya tumeyasikia katika semina za parokia, katika mikutano ya vijana, na hata nje ya milango ya kanisa baada ya ibada. Si mabishano ya wasomi peke yao. Atakayeyakosea atajikuta siku moja akiushangilia uovu, akidhani anashangilia demokrasia au sheria.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tusibishane hewani. Tuchukue haki moja, ndogo, inayoeleweka na kila mtu, tuifuate nyayo zake katika nchi yetu tuone ilikotoka na nani aliyeilinda. Haki hiyo ni ya mtu aliyekamatwa kufikishwa mbele ya hakimu ndani ya saa 24.

Ni haki ndogo, lakini uzito wake ni mkubwa. Mtu akifikishwa kortini, jina lake huandikwa. Hakimu humwona kwa macho, na akiwa na jeraha jeraha huonekana. Mama yake, mke wake na wakili wake hujua yuko wapi. Kumpiga mtu, kumnyima usingizi au kumpoteza kabisa hutaka giza na muda. Saa 24 humnyang'anya mtesaji vyote viwili.

Wengi walipoiondoa

Katiba yetu ya zamani iliagiza kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani upesi iwezekanavyo, na kama saa 24 zimepita, ni juu ya aliyemshikilia kueleza sababu. Mnamo Agosti 1988 Bunge liliigusa haki hiyo. Kwa marekebisho ya Katiba, mtu aliyeshukiwa kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo aliweza sasa kuzuiliwa kwa siku 14. Miongoni mwa makosa hayo lilikuwamo la uhaini, ambalo mtawala mwenye hofu humpachika mpinzani wake kwa urahisi. Marekebisho hayohayo yaliwaondolea majaji wa Mahakama Kuu na wa Mahakama ya Rufaa ulinzi wa kazi zao. Kwa pigo moja mlango wa seli ulifungwa kwa majuma mawili, na jaji ambaye angeweza kuufungua akawekwa mahali pa kuifikiria ajira yake.

Je, jambo hilo lilitendwa na nani? Lilitendwa na wengi. Katiba ilidai kura za asilimia 65 ya wabunge wote ili kuibadilisha, na kura hizo zilipatikana pasipo jasho. Zilikuwa zimepatikana vilevile Juni 1982, kifungu cha 2(A) kilipotiwa katika Katiba na KANU kikafanywa chama pekee cha kisheria nchini.

Tunajua mtakavyojibu. Mtasema kwamba Bunge la 1988 halikuwa la wengi wa kweli, kwa kuwa lilizaliwa na mlolongo. Ni kweli. Wapiga kura walipangwa mistari nyuma ya wagombea au picha zao. Aliyepata asilimia 70 katika mchujo alipita bila kupingwa. Na katika sehemu kadhaa mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu mchana kweupe. Wachungaji waliokutana chini ya NCCK mwaka 1986 walikwisha kuionya nchi kwamba hawangeweza kupiga kura kwa njia hiyo, maana mchungaji hawezi kusimama nyuma ya mtu mmoja mbele ya kundi lote analolichunga.

Hata hivyo, tusijifiche nyuma ya mlolongo. Tuseme wengi wangekuwa wa kweli, waliohesabiwa kwa haki, sanduku kwa sanduku. Je, wangeweza basi kuifuta haki ya mtu mmoja aliye gizani?

Jirani zetu wa Tanzania walilikabili swali la namna hiyo, na jibu lao lingepaswa kufundishwa mashuleni. Mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Kama haki ni hesabu ya vichwa, kazi ya tume ilikuwa imekwisha. Lakini tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Yafaa tuipime hekima ya uamuzi huo. Wale 20 walipopewa chama chao hawakuwanyang'anya wale 80 chao. Lakini wale 80 wangepewa walilotaka, wale 20 wangebaki hawana pa kusimama. Mtu anapodai nafasi yake mwenyewe, bila kumfukuza mwenzake katika nafasi yake, hahitaji kuomba ruhusa ya wengi.

Na tukumbuke pia kwamba neno "wengi" lenyewe hudanganya. Katika uchaguzi wa Desemba 1992, wa kwanza baada ya kifungu cha 2(A) kufutwa, rais aliyetangazwa mshindi alipata takriban asilimia 36 ya kura. Yaani katika kila wapiga kura 10, zaidi ya 6 walimpa mtu mwingine. Serikali ikaundwa kihalali kwa kanuni za siku zile. Lakini ni nani angethubutu kusema kwamba haki za wale 6 zilikuwa mikononi mwa wale waliobaki?

Jaji alipoikana

Hapo ndipo mpenzi wa mahakama anaposimama na kusema: "Nilikwambia! Wengi ni upepo; tumkimbilie jaji." Nasi tulimkimbilia. Tusikie yaliyotukuta.

Katiba ya zamani ilikuwa na kifungu cha 84, kilichompa kila mtu njia ya kwenda Mahakama Kuu iwapo haki zake za kimsingi zimevunjwa. Mwaka 1989 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho hakiwezi kufanya kazi, kwa sababu Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kukitumia. Ni sawa na kumwambia mwenye nyumba: mlango huu ni wako, ila hutaingia, kwa kuwa mlinzi hajachonga ufunguo, na aliyepewa kazi ya kuchonga ufunguo ni mlinzi yuyo huyo. Kanuni zenyewe zilingojewa hadi mwaka 2001.

Mwaka huohuo wa 1989, Profesa Wangari Maathai alikwenda mahakamani kuzuia jengo la orofa 60 lisisimamishwe katika bustani ya Uhuru Park. Aliambiwa kwamba hana haki ya kuleta shauri hilo, kwa kuwa hakuonyesha kuwa yeye binafsi ameumizwa kuliko watu wengine. Jengo hilo halikujengwa, wala halikuzuiwa na hukumu. Lilizuiwa na mama mmoja aliyekataa kunyamaza, na kelele zilizofuata ndani na nje ya nchi.

Wasomaji wetu wa Biblia hawatashangaa. Habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu wanaijua. Palikuwa na kikao, palikuwa na wazee wa mji, palikuwa na mashahidi wawili kama sheria ilivyotaka, na hukumu ikatolewa. Lakini shamba lilikuwa la Nabothi kabla ya kikao, na lilikuwa la Nabothi baada yake, ndiyo maana nabii alipotumwa kwa mfalme hakwenda kuuliza kama taratibu zilifuatwa. Na habari ya Pilato twaijua zaidi. Pale jaji na umati walikubaliana: umati ulipiga kelele, na jaji, ambaye hakuona hatia, alinawa mikono. Wengi walikuwapo, hukumu ilikuwapo, na haki haikuwapo. Mkristo anayekiri imani yake kila Jumapili hawezi kamwe kusema kwamba sauti ya wengi pamoja na muhuri wa mahakama hutosha kuifanya batili kuwa haki.

Haki ilikuwa wapi?

Basi tuulize. Katika miaka hiyo, Bunge likiwa limekwisha kupiga kura na Mahakama Kuu ikiwa imefunga mlango, haki yetu ilikuwa wapi?

Tazameni Nyayo House, jengo refu katikati ya Nairobi ambamo watu hupanda ngazi kwenda kutafuta pasi za kusafiria. Chini yake, katika miaka ya 1986 na 1987, walizuiliwa na kuteswa watu walioshukiwa kuwa wa kundi la Mwakenya. Wengine walimwagiwa maji katika seli, wakakaa humo wamelowa siku kadhaa, bila chakula. Hawakufikishwa kortini kwa saa 24. Walipofikishwa, mara nyingi ilikuwa wakati usio wa kawaida, bila wakili, huku wakikiri yale waliyolazimishwa kuyakiri.

Tarehe 21 Julai 2010, Mahakama Kuu iliamuru watu 21 kati ya walioteswa humo walipwe fidia. Zingatieni tarehe: Katiba mpya ilikuwa haijaidhinishwa. Jaji alipima mambo ya miaka zaidi ya 20 iliyopita akasema kwamba haki zilivunjwa wakati ule. Hakusema kwamba haki hizo zinazaliwa leo kwa kalamu yake. Kama haki ingekuwa ni kile kinachokubaliwa na wengi, au kile kinachotamkwa na jaji, basi mwaka 1987 hakukuwa na kitu cha kuvunjwa katika seli zile, na fidia ya 2010 ingekuwa sadaka. Haikuwa sadaka, lilikuwa deni.

Hapo pana jibu letu. Haki haikai Bungeni wala haikai kortini. Hukaa kwa mtu mwenyewe. Katiba ya 2010 imelisema jambo hili waziwazi katika kifungu chake cha 19: haki na uhuru wa kimsingi ni mali ya kila mtu binafsi, wala hazitolewi na Dola. Kwa waumini neno hilo si geni, kwa kuwa tumefundishwa tangu utotoni kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Na kwa asiye muumini lina maana ileile: aliye na mwili unaoumia na jina la kuitwa, hakupewa vitu hivyo na serikali.

Walijua hivyo wale akina mama walioketi Uhuru Park mwishoni mwa Februari 1992, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Hawakuwa wengi. Hawakuwa na amri ya mahakama. Tarehe 3 Machi walipigwa na askari wakafukuzwa pale, wakahamia kanisa kuu la All Saints, wakaendelea kuketi. Wengi wa wana wao walikuja kuachiliwa. Mama anayesema "mwanangu" hangoji kuhesabiwa kura.

Basi kura na mahakama ni za nini?

Hapa mtu mwenye busara atatupinga, nasi tumpe nafasi. Atasema: "Kama haki haitegemei wengi wala jaji, kila mtu atasimama na kuita tamaa yake haki. Nani atakayeamua?"

Pingamizi hilo ni zito. Jibu letu ni kwamba wengi na mahakama hawaumbi haki, lakini wanaitunza, na bila watunzaji nyumba huibiwa. Wengi huandika agano: haki hizi tunazikubali, mipaka yake ni hii, na yeyote atakayeivuka atajibu. Mahakama hulisoma agano hilo siku ya ugomvi, hasa siku ambayo wengi wameghadhibika na wanataka kulisahau.

Mwezi Machi 2004, katika shauri lililoletwa na Mchungaji Timothy Njoya na wenzake, Mahakama Kuu iliamua kwamba Bunge linaweza kuirekebisha Katiba lakini haliwezi kuiondoa na kuweka nyingine. Uwezo huo ni wa wananchi wenyewe. Hapo jaji aliwalinda wengi dhidi ya wale waliojifanya kuwa wengi. Novemba 2005 wananchi walipigiwa rasimu wakaikataa. Tarehe 4 Agosti 2010 wakapigiwa nyingine, takriban asilimia 67 wakaikubali.

Na ile theluthi iliyosema "La"? Ndani yake walikuwamo waumini wengi na viongozi wa makanisa waliokuwa na pingamizi zao juu ya mahakama za Kadhi na juu ya kifungu cha uhai. Walishindwa katika kura. Je, walipoteza haki hata moja? Hata moja. Siku Katiba ilipotangazwa, tarehe 27 Agosti 2010, iliwakumbatia walioikataa sawasawa na walioipenda. Wao nao leo huenda mahakamani kwa kifungu cha 22, kinachomruhusu mtu yeyote kudai haki yake au ya mwenziwe asiyeweza kujisemea, bila kuambiwa kama alivyoambiwa Profesa Maathai. Ndugu zetu mliosema "La", ninyi ndio ushahidi wetu. Kura ilichagua Katiba. Haikuchagua nani ni mtu na nani si mtu.

Hata hivyo, tusiilalie karatasi. Kifungu cha 255 kinaruhusu hata Sura ya Haki kubadilishwa kwa kura ya maoni, ikiwa wapiga kura wamefika kiwango kilichowekwa katika nusu ya kaunti na wengi wamekubali. Tarehe 31 Machi 2022, katika shauri la BBI, Mahakama ya Juu ilikataa hoja kwamba ipo sehemu ya Katiba isiyoweza kuguswa kabisa kwa njia hiyo. Maana yake, ndugu, ni kwamba kufuli ya mwisho si jaji. Kufuli ya mwisho ni dhamiri ya mpiga kura.

Wala hukumu peke yake haitembei. Mchungaji Christopher Mtikila wa Tanzania alidai haki ya mgombea binafsi. Mahakama Kuu ikampa mwaka 1994. Bunge likaibadilisha Katiba kuizima hukumu. Mahakama Kuu ikampa tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikaamua kwamba haki yake ilikuwa imevunjwa. Huyo alishinda mara tatu, na mwaka 2015 alifariki dunia bila jina lake kuwekwa kwenye karatasi ya kura kama mgombea binafsi. Nasi tusimcheke jirani. Mahakama yetu ya Juu ilisema mwaka 2012 kwamba kanuni ya jinsia isiyozidi theluthi mbili itekelezwe kufikia Agosti 2015. Tarehe hiyo ikapita. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kosa hilo, na Bunge halikuvunjwa.

Kasarani mara mbili

Turudi kwenye saa zetu 24, maana hapo ndipo tunapojaribiwa.

Desemba 1991, katika uwanja wa michezo wa Kasarani, wajumbe wa KANU walikubali kifungu cha 2(A) kifutwe, na siku chache baadaye Bunge likakifuta. Tulishangilia. Jina la Kasarani likawa kwetu jina la mlango uliofunguka.

Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi yaliyomwaga damu ya wasio na hatia, maelfu ya watu walisombwa kutoka Eastleigh na mitaa mingine katika msako ulioitwa Usalama Watch. Wengi walikuwa Wasomali, wakiwamo raia wa Kenya. Walipelekwa katika uwanja wa Kasarani uleule. Wengi walizuiliwa zaidi ya saa 24 bila kufikishwa kortini, nayo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 49, ilikuwa imezirudisha saa hizo kwa kila mtu, pasipo kubagua kosa.

Wengi walisemaje? Tuseme kweli hata kama inauma: wengi walinyamaza, na si wachache walioshangilia. Miongoni mwao walikuwamo watu wetu, waliowahi kuimba nyimbo za uhuru, waliowahi kujificha wenyewe. Walisema, "Acha wachujwe." Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Miaka kumi baadaye mkuki ulikuja kwetu. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge liliupitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, huku nje vijana waliokuwa wakiupinga wakipigwa risasi. Kesho yake Rais alikataa kuutia sahihi. Lakini kuanzia majira hayo vijana kadhaa walichukuliwa barabarani na majumbani na watu wasiojitambulisha, wakakaa siku nyingi pasipo kujulikana waliko. Kufikia Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imetaja visa zaidi ya 80. Mama wa Nairobi, wa Embu, wa Machakos akawa anazunguka vituo vya polisi akiuliza swali lile lililoulizwa na mama wa Eastleigh mwaka 2014, na kabla yake mama wa mwaka 1987: "Mwanangu yuko wapi?" Kila mmoja aliambiwa, "Hapa hayupo."

Hatusemi kwamba adhabu ilitushukia. Tunasema tu kwamba mlango uliovunjwa kwa jirani hauwezi kuwa imara kwetu. Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji.

Wajibu wetu

Tufanye nini basi? Tuna mambo manne, nayo si magumu.

La kwanza, kila kundi la waumini, kila jumuiya ndogo, kila kikundi cha vijana, kijifunze kifungu cha 49 kama kinavyojifunza katekisimu. Aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa. Anayo haki ya kunyamaza. Anayo haki ya kuwasiliana na wakili. Afikishwe mahakamani si zaidi ya saa 24, na saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, basi siku ya korti inayofuata. Mwenye kujua haya haambiwi "rudi wiki ijayo" akaondoka.

La pili, mtu akichukuliwa, watu wasiende mmoja mmoja. Nendeni kituoni watano au kumi, mchungaji na mzee wa kanisa wakiwamo, mwombe jina litafutwe katika daftari la matukio, mwandike saa mliyofika na mlilojibiwa. Saa 24 zikipita, wakili aende Mahakama Kuu kuomba amri ya kumleta mtu mbele ya jaji. Haki ya kuomba amri hiyo haiwezi kupunguzwa na sheria yoyote; kifungu cha 25 kimesema hivyo. Na siku ya kusikizwa, jazeni viti. Jaji mwaminifu hutiwa moyo, na asiye mwaminifu huona haya.

La tatu, tuiheshimu hukumu hata inapotuchoma. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais, majaji wanne dhidi ya wawili, na upande mmoja ukaimba sifa zake huku mwingine ukiwatukana majaji. Septemba 2022 mahakama hiyohiyo ikathibitisha ushindi wa rais, na waliokuwa wakiimba wengi wakageuka kuwa watukanaji. Kuikosoa hukumu kwa hoja ni haki yetu. Nasi tumeikosoa ile ya 1989 hapa. Lakini anayemtii jaji siku ya ushindi wake tu, hajamtii jaji, amejitii mwenyewe.

La nne ndilo gumu. Kabla ya kusema "wananchi wengi hawamtaki mtu huyu", jiulize: je, ningetaka saa zangu 24 zipigiwe kura na wanaonichukia? Mshukiwa wa wizi aliyezungukwa na umati wenye mawe na tairi sokoni anazo saa 24. Mshukiwa wa ugaidi anazo. Mgeni asiye na kitambulisho anazo. Hata yule polisi anayeshtakiwa kwa kuwaua watoto wetu anazo, naye atakapokamatwa tutadai afikishwe kortini kwa wakati, aonekane, ajibiwe na ajibu. Tukimnyima, tutakuwa tumekubali kwamba kilichotendwa Nyayo House kilikuwa kosa la kuchagua watu tu, si kosa lenyewe.

Tulipodai vyama vingi, tulidai wengi wasikizwe. Hatukudai wengi wawe miungu. Tulipodai majaji wawe huru, tulidai wailinde haki, si waimiliki. Wengi wape kura, ushuru, heshima na serikali. Lakini usiku ule mlango unapogongwa na watu wasiotaja majina yao, haki ya yule anayetolewa kitandani haingoji Bunge likutane wala jaji aamke. Ni yake tayari. Kazi yetu sote, kuanzia saa ya kwanza hadi ya 24, ni kuhakikisha kwamba hayuko peke yake nayo.